Cobh si mji wa Titanic

Juzi nimetumiwa video ya msafiri mmoja aliyefika Cobh, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ireland (tamka "Kov", usihangaike na hizo herufi za mwisho). Video nzima ni Titanic. Titanic huku, Titanic kule, kofia ya Titanic, kwaherini. Nimekasirika.

Tarehe 11 Aprili 1912 meli hiyo haikugusa hata gati. Ilitia nanga nje ya bandari, karibu na Roches Point, boti mbili zikaipelekea abiria 123 na mifuko ya barua, na baada ya saa mbili hivi ikaondoka zake. Saa mbili! Ndiyo historia ya mji huo?

Wanaostahili kutajwa ni waliokuwa wakiondoka mwaka baada ya mwaka, bila bendi wala filamu. Viazi vilianza kuoza mashambani mwaka 1845, njaa ikaua watu, waliobaki wakatafuta meli. Kati ya 1848 na 1950 Waireland wapatao milioni 6 walihama, na kama milioni 2.5 kati yao walipitia hapo Cobh. Usiku wa kuamkia safari, familia nyingi ziliwafanyia wasafiri mkesha kama wa msiba. Ndiyo, matanga ya mtu aliye hai, ameketi palepale katikati yao, na mama yake analia kwa sababu anajua hatamwona tena. Annie Moore naye alipandia meli hapo Desemba 1891, binti mdogo mwenye kaka zake wawili wadogo, kuwafuata wazazi New York. Januari mosi 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba alihamia Texas, hadi mwaka 2006 ilipobainika kuwa huyo alikuwa Annie Moore mwingine kabisa. Annie wetu aliishi na kufa Manhattan, katika mitaa ya maskini. Sanamu yake na ya kaka zake ipo hapo bandarini. Ya Sonia O'Sullivan ipo pia, mtoto wa Cobh aliyechukua medali ya fedha mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Sisi wapenzi wa mbio hatuhitaji kukumbushwa.

Enzi za Annie mji uliitwa Queenstown, kwa kuwa Malkia Victoria wa Uingereza alishuka hapo mwaka 1849. Jina hilo walilitupa mwaka 1920. Safi sana.

Na kama lazima tuzungumzie meli zilizozama, basi iwe Lusitania, meli ya abiria ya Waingereza. Ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani tarehe 7 Mei 1915, wakafa karibu watu 1,200. Manusura na maiti wengi waliletwa hapo. Wenyeji wakawavika, wakawalisha, wakachimba makaburi ya halaiki, wakazika tarehe 10 Mei. Titanic waliiaga tu. Msiba wa Lusitania waliubeba wenyewe.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kiwanda cha meli cha Verolme kilifungwa mwaka 1984, kile cha chuma kwenye kisiwa cha jirani cha Haulbowline kikafuata 2001, na watu lazima wale. Watalii wanataka Titanic, wauziwe Titanic. Ila makaburi ya Lusitania yako nje kidogo tu ya mji, na kuingia ni bure.