Kabla hatujamwita mchongaji

Jioni moja karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, mtoto wa miaka kama sita alimuuliza baba yake lile Jiwe la Bismarck ni la nani. Baba alikuwa ameinamia kamera ya mpiga picha, anachagua picha ya kulipia. "La Mjerumani mmoja wa zamani." Mtoto akarudi: "Alikuwa anakaa wapi hapa?" Baba akacheka, akamnunulia karanga, yakaisha.

Bismarck hakukaa popote hapa. Alikuwa kansela wa Ujerumani, na Afrika hakuikanyaga. Lakini jina lake ndilo linaloiuza Mwanza kwenye kalenda na fulana, na ndiyo maana kila baada ya muda vijiweni huibuka hoja kwamba jiji nalo lisimamishe sanamu ya mwanasiasa wa kwetu. Wazee humtaja Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa pamba. Zamani niliiunga mkono hoja hiyo bila kuuliza chochote. Siku hizi nasita, na aliyenisitisha ni mtu mwingine wa ziwa hilihili, Tom Mboya wa Kenya.

Mboya ana kumbukumbu mbili, moja ya serikali na moja ya nyumbani, na hazifanani hata kidogo.

Tuanze na ya serikali. Jumamosi ya 5 Julai 1969, Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wa Kenya na katibu mkuu wa chama tawala, KANU, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Sanamu yake imesimama hatua chache tu kutoka pale alipoanguka. Ilizinduliwa mwaka 2011 na Rais Mwai Kibaki, ambaye alikuwa waziri mwenzake wakati ule. Piga hesabu: miaka 42. Jomo Kenyatta alipata ya kwake pale kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, mwaka 1973 akiwa hai, akaiona kwa macho yake. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1957, alisubiri hadi 2007. Ukizipanga kwa miaka namna hiyo, sanamu hizo zinakuambia habari nyingi za waliokuwa Ikulu, pengine kuliko za wenyewe waliochongwa.

Sanamu yenyewe sina ugomvi nayo. Mboya amevaa joho, na chini yake kuna ndege aina ya flamingo. Ndege hao wanakumbusha safari za wanafunzi aliowatafutia nafasi Marekani: 81 waliondoka kwa mkupuo wa kwanza mwaka 1959, na hadi 1963 walikuwa wamefika mamia, wakiwemo wa Tanganyika. Wangari Maathai alipitia mlango huo. Mara ya mwisho nilipopita pale nilimsikia kijana mwenye begi mgongoni akimwelekeza mwenzake kwa simu, "Niko hapa kwa Mboya, njoo hapa kwa Mboya." Alilitaja jina mara nne ndani ya dakika moja. Wanaosema sanamu ni kutupa fedha wangemsikiliza kijana yule. Makumbusho humpata mtu aliyekwisha kuwa na hamu ya kujua. Sanamu inamdaka aliyekuwa anawahi daladala, au matatu kama wanavyoita wenyewe. Hiyo ndiyo hoja nzito ya upande wa sanamu, na bado sijaona wa kuivunja.

Kasoro yake ni kwamba inanyamaza pale penye kidonda. Nahashon Njenga alihukumiwa na kunyongwa kwa mauaji yale, na anakumbukwa kwa kuuliza kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Mkubwa gani? Hakupatikana. Watu wa upande wa ziwa walidai jibu kwa machozi na kwa mawe, na baada ya miongo minne wakapewa mtu wa kusimama barabarani. Serikali nyingi hufanya hivyo, si Kenya peke yake: kumchonga marehemu ni rahisi kuliko kumtaja aliyemuua.

Sasa vuka uende kisiwa cha Rusinga, nyumbani kwao Mboya. Kutoka Mwanza unapanda basi hadi Sirari, unagonga muhuri, halafu Migori, Homa Bay, Mbita, ndipo unaingia kisiwani. Huko ndiko alikozikwa, na jengo lililo juu ya kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Ndiyo, risasi. Hakuna joho wala ndege, ni kile kitu kilichomuua, kimekuzwa hadi mtu anaingia ndani yake. Maandishi ya kaburini yanamwambia mgeni aende akapigane kama mtu huyu, kwa kuwa vita alivyovianza bado havijapata ushindi. Hakuna kamati ya serikali ambayo ingepitisha mchoro kama ule. Umetoka kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kumfurahisha mtu.

Lakini nani anafika? Wanafunzi wa ziara, watalii wachache, na ndugu. Nilisoma na kijana wa Rorya aliyeitwa Mboya. Alizaliwa miaka mingi baada ya mauaji, na hajakanyaga Rusinga wala hajaiona ile sanamu. Jina lilimfikia kupitia kwa babu yake. Nadhani hiyo nayo ni kumbukumbu, tena haihitaji kupakwa rangi.

Kuna na hofu ya kubomolewa, ambayo watetezi wa sanamu huipita haraka mno. Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipoishinda nchi wakamng'oa, na mwishowe akasimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha mwaka 1968. Kisumu, mwaka 2014, mnara uliojengwa na jumuiya ya Masingasinga ulivunjwa na watu walioona una ushetani. Jiwe la Bismarck halijang'olewa kwa sababu ni jiwe la Mungu, Mjerumani alibandika jina tu.

Nikirudi kwa Bomani, mashaka yangu hayamhusu yeye. Nakihofia kile tutakachomfanya awe: mzee wa suti, mkono mmoja hewani, ubao wa marumaru wenye jina la kiongozi aliyezindua likiwa kubwa kuliko lake. Atafanana na kila mtu. Kazi yake haikufanana na ya kila mtu. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba Usukumani walikuwa wanaibiwa kwenye mizani, na vyama vya wakulima vikaanza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Kutokana na vyama hivyo kikazaliwa mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Bomani aliiongoza kabla ya kuwa waziri na baadaye balozi Marekani. TANU ilipozuiwa kufanya kazi Usukumani kati ya 1954 na 1958, ushirika ndio uliowashika watu pamoja. Uhuru wa huku ulipita kwenye gunia la pamba, na mtu wa suti aliyenyoosha mkono hawezi kuyasema hayo.

Kwa hiyo, kama jiji litaamua, na mimi nikiulizwa, ningeweka mizani. Mizani ile kubwa ya kuning'iniza gunia, iwekwe mahali penye watu, Makoroboi au stendi, na jina la Bomani liandikwe chini kwa herufi za kawaida. Mtoto ataibembea, hilo halizuiliki, na akishaibembea atauliza ya nini. Najua wapo watakaosema tumemdharau mzee kwa kumpa chombo cha ghalani. Ndugu zake wana haki ya kusema hivyo, na wakisema nitanyamaza, kama ambavyo risasi ya Rusinga ni ya wenye msiba.

Ila tusichelewe. Mizani hizo bado zimo kwenye maghala ya vyama vya msingi huko Magu na Kwimba, zimeshika kutu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mikokoteni.