Mkaguzi wa Chandarua

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwamba nilipiga magoti, ngoja niseme mwenyewe kabla kisa hakijamfikia mama kijijini. Magoti sikupiga. Nilijikwaa kwenye ndoo.

Mnakumbuka kule Tabata nililipishwa kioo cha dirisha nilichokikuta kina ufa. Nikaapa: safari hii, kabla godoro halijaingia, napiga video kila kona. Kodi ya miezi sita nimetoa, dalali kachukua ya kwake ya mwezi mmoja, kaniachia ufunguo, "chumba cha pili kushoto", kayeyuka. Kushoto ukiwa unaingia au ukiwa unatoka chooni? Hakusema.

Nikasukuma mlango, ukafunguka bila ufunguo. Nikawasha simu, nikatoa sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku: "Kasoro ya kwanza, kitasa hakifungi."

Ya pili, swichi inaning'inia. Ya tatu, dari ina doa la maji, Ziwa Tanganyika kabisa na Kigoma yake. Ya nne, mpangaji aliyehama kaacha uchafu. Nikalisogelea sufuria lenye ukoko wa ugali. Nikazisogelea kandambili, moja ya bluu, moja ya kijani. Rafiki yangu pale mlangoni kashikilia ukuta kwa kicheko, na mimi nikanogewa, jamani. Nikafika kitandani.

"Na hiki chandarua," nikasema, nimekiinua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, "mbu anapita humu na begi lake."

Chandarua kikajibu: "Una kingine?"

Nyie mnaocheka, subirini. Ukatoka mguu. Taratibu. Ukatoka wa pili. Kisha akatoka mzee mzima, msuli kifuani, macho mekundu ya mtu aliyekesha lindoni. Na mimi, simu bado iko usoni kwake, malezi yakanisaliti:

"Shikamoo."

"Marahaba. Unarekodi nini?"

"Kasoro, mzee."

Hilo neno ndilo linaloniamsha usiku.

Basi, ndoo, simu chini, rafiki yangu keshafika barabarani. Mzee ni mlinzi wa usiku, na ndiye jirani yangu, ukuta kwa ukuta, choo kimoja, LUKU moja. Nimeomba radhi kwa kilo mbili za sukari, kapokea. Jana jioni akienda kazini kanipitia dirishani: "Mkaguzi, nimenunua chandarua kipya. Njoo urekodi."

Chumba changu sijakipiga video hata sekunde moja. Na kioo cha dirisha kina ufa.