"Mwalimu, Imegoma": Mfano Ulio Tayari Unamwacha Wapi Mtoto?

Jumamosi moja nilimpa mtoto wa darasa la tano mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, aichape kama ilivyo. Kobe wa kwenye skrini, anayechora mstari anapopita, anatembea hatua 100, anageuka kushoto nyuzi 90, anarudia mara 4. Mraba ukatokea, mtoto akatabasamu. Nikamwambia, haya, sasa nataka pembetano. Hakujiuliza. Akafuta 4, akaweka 5, akabonyeza. Mraba uleule. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa aliyelala. Kisha likaja neno ambalo kila anayefundisha watoto kompyuta amelizoea: "Mwalimu, imegoma."

Haikuwa imegoma. Kobe alifanya kile kile alichoambiwa: upande wa tano aliuchora juu ya upande wa kwanza, kwa hiyo jicho halikuona kipya. Tulitoka nje, mtoto akawa kobe yeye mwenyewe, akatembea mchangani akihesabu hatua na kugeuka. Ilichukua kama dakika 20 mpaka akang'amua kwamba ukirudi pale ulipoanzia, ukatazama kule ulikokuwa unatazama mwanzo, umeshazunguka nyuzi 360. Na 360 ukigawanya kwa 5 unapata 72. Aliingia ndani mbio. Wiki iliyofuata alikosea, akaandika 144 badala ya 72, ikatoka nyota. Hilo la nyota alinifundisha yeye, kwa sababu sikuwa nimelipanga.

Sasa, sisi tunaofundisha watoto kompyuta hapa Dodoma, wengi wetu kwa kujitolea na kwa laptopu za kuazima, tuna ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema mpe mtoto mradi mdogo uliokwisha kuandikwa, aufuate mstari kwa mstari, aone unafanya kazi, ndipo apate moyo. Wapo wanaosema kufanya hivyo ni kumfundisha kudesa tu, mwachie uwanja avumbue mwenyewe. Nimekuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na sasa nimerudi wa kwanza, ingawa kwa masharti.

Wenye hoja ya uwanja wana mzee wao, naye si mtu mdogo. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, ndiye aliyetengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, mwaka 1967 kule Marekani pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Kobe wetu wa mchangani anatokana na Logo. Papert aliamini mtoto anajifunza vizuri zaidi anapounda kitu anachokitaka mwenyewe, na kwamba mtoto ndiye aiamrishe kompyuta, si kompyuta imwamrishe mtoto. Scratch, ile programu ya vipande vya rangi vinavyopachikana, iliyotolewa kwa umma na kundi la Mitchel Resnick wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, ni mjukuu wa fikra hiyo.

Lakini hata enzi za Logo mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland walipima watoto waliosoma Logo na hawakuona kwamba walikuwa wapangaji bora wa mambo kuliko wenzao wasioisoma. Mwaka uliofuata, huko Australia, John Sweller na Graham Cooper walichunguza aljebra na kukuta kwamba wanaoanza walijifunza haraka zaidi wakionyeshwa maswali yaliyokwisha kukokotolewa kuliko wakiachwa wapambane nayo. Sababu yao inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufundishwa kuendesha gari: akili inayoshika mambo ya papo hapo ni ndogo, ukiijaza kutafuta njia hakubaki nafasi ya kuelewa njia. Utafiti uliofuata ukaongeza jambo ambalo wapenda mifano huwa hawalitaji: mfano unaomsaidia anayeanza unamchelewesha aliyekwisha kuelewa.

Kwetu mizani inainamia kwenye mifano kwa sababu ya kawaida kabisa, muda. Mimi nina kompyuta 4 na watoto 17. Ukitoa umeme unaokatika na mtoto aliyetumwa sokoni Majengo, kila mmoja anagusa kibodi nusu saa kwa wiki. Kumwambia mtoto huyo "vumbua" ni kumpa jembe bila shamba. Mtoto ambaye Papert alimfikiria alikuwa na kompyuta na alasiri nzima.

Ila hapohapo ndipo pana hatari yetu, na sidhani waandishi wa mifano hiyo waliifikiria. Mtoto wetu ametoka kwenye utaratibu ambao mwalimu anaandika ubaoni, naye ananakili hadi nukta. Mfano kwake ni kitu kitakatifu. Nimeona daftari la msichana aliyenakili programu nzima ya mchezo wa kukisia namba kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri mno, hadi namba za mistari za pembeni ambazo kihariri, yaani ile programu ya kuandikia, kinaziweka chenyewe. Nilipomwambia abadilishe namba ya juu kutoka 10 iwe 50 aliniuliza, kwa hofu ya kweli, "Si itaharibika?"

Ndiyo, iharibike. Tangu siku hiyo sitoi mfano mzima. Natoa wenye kosa moja nililolificha, au uliokosa mstari wa mwisho, au unaofanya kazi lakini unatoa jibu la ajabu. Mtoto anaanza kwa kutabiri mdomoni itatokea nini, ndipo anabonyeza. Akikosea utabiri somo limeanza. Akipatia, kidogo namhurumia, maana siku hiyo hatapata kitu.

Nisiwasahau wanaopinga jambo zima. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma: "Mwalimu, darasa la nne langu kuna watoto kusoma bado. Wewe unaniletea kobe?" Sikuwa na jibu la maana, na mpaka leo naona alikuwa na haki zaidi yangu. Mtoto asiyesoma hatasoma kwa sababu ya kobe. Uingereza waliingiza kompyuta kwenye mtaala tangu mtoto wa miaka 5, kuanzia Septemba 2014, lakini wao hawakuwa wakichagua kati ya hilo na dawati. Nilichomjibu ni kimoja tu, kwamba vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinaweza kufungua Scratch, kwa hiyo hatuzungumzii kununua maabara. Akacheka. Kishikwambi chake, alisema, anacho mwanawe, anachezea mpira.

Suala la lugha nalipita haraka kwa sababu kwangu limekwisha. Scratch ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, basi aanze hapo. Wanaosema atapata tabu akifika sekondari kwenye Kiingereza wana kweli yao, lakini maneno ya Python anayohitaji mtoto hayazidi vidole vya mikono. Atayashika kama alivyoshika maneno ya mpira. Na wanaosema akili mnemba siku hizi inaandika programu yenyewe, kwa nini mtoto ahangaike? Kikokotoo nacho kipo siku nyingi, na bado tunamfundisha kujumlisha.

Linalonisumbua zaidi ni mifano yenyewe. Mingi inatoka mbali, na tunachofanya ni kumtoa paka wa Scratch tukamweka mbuzi, kisha tunasema tumeifanya ya nyumbani. Mbuzi yule anavuka barabara ileile ya paka, na mtoto hana swali lolote la kumuuliza.

Mwaka huu nimejaribu maji. Hakuna mtoto wa hapa asiyejua ndoo. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600, nayo karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Programu ya kwanza ina mistari mitatu: ukubwa wa paa, mvua, zidisha. Paa la mita za mraba 40 na mvua ya milimita 550 linatoa lita 22,000, yaani ndoo 1,100 za lita 20. Watoto walipiga kelele. Mmoja akasema bati la kwao lina matundu, tukaongeza mstari wa kupunguza moja ya tano, zikabaki ndoo 880.

Hapo ndipo binti mmoja wa darasa la sita, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema hesabu hiyo ni ya uongo. Simtanki la bibi yake kule Bahi ni la lita 2,000. Mvua kubwa mbili linajaa, halafu maji yanamwagika uani, na Juni bibi anarudi kununua ndoo. Alikuwa amesema, bila kujua, kwamba programu yetu inahitaji "kama": kama limejaa, yanayozidi yapotee. Tena inahitaji kwenda siku kwa siku, si mwaka kwa mkupuo. Mambo hayo mawili, sharti na kurudia, nilikuwa nimeyapangia mwezi mzima na mifano 6. Nikaifunga ile laptopu yenye mifano.

Programu haijaisha. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunabishana kama mvua ya siku iingie kwanza kwenye simtanki ndipo bibi achote, au bibi achote kwanza. Ukigeuza mpangilio, yanayomwagika yanabadilika. Binti anasema bibi yake anachota alfajiri.