Unalipia nini hasa kampuni ya taarifa za vitisho?

Mwaka 2022 Google iliinunua Mandiant kwa takriban dola bilioni 5.4. Miaka miwili baadaye Mastercard nayo ikatangaza kuichukua Recorded Future kwa dola bilioni 2.65. Kampuni hizo mbili zilizonunuliwa zimejenga jina kwa kuwafuatilia wadukuzi: ni akina nani, wanatumia mbinu gani, wanamlenga nani. Wateja wa taarifa hizi ni wengi, na manung'uniko yao si haba. Mtu analipa ada nene ya mwaka, anaunganisha mifumo, kisha baada ya miezi sita mkuu wake anamuuliza: tumezuia nini?

Swali ni la haki. Ila jibu lake linategemea sehemu ya bidhaa inayozungumzwa, maana kifurushi kimoja hubeba vitu vitatu. Kuna viashiria, yaani alama za mdukuzi: anwani za IP (namba za kompyuta kwenye mtandao), majina ya domeni (majina ya tovuti) na heshi (alama ya kidijitali inayotambulisha faili) za mafaili hasidi. Kuna ripoti kuhusu makundi ya wadukuzi. Na kuna wachambuzi wanaojibu maswali ya mteja na kupenya masoko ya siri yanakouzwa data za wizi. Mawakala wa mauzo hutanguliza wingi wa viashiria, na hapo ndipo bidhaa ilipo dhaifu kuliko kote.

Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, walilinganisha viashiria vya kampuni mbili zinazoongoza. Hata kwa makundi 22 ya wadukuzi ambayo kila kampuni ilidai kuyafuatilia, viashiria vilivyofanana vilikuwa wastani wa asilimia 2.5 hadi 4 tu. Vile vichache vilivyofanana, kampuni moja ilivitoa kwa kuchelewa mwezi mmoja hivi nyuma ya nyingine.

Watetezi wanasema hali hiyo ni ya kawaida: kila kampuni huona kile ambacho wateja wake na mitego yake, yaani mifumo ya kuwanasa wadukuzi, hukutana nacho. Wapinzani wanajibu kwamba basi hakuna anayeona vya kutosha kudai bei hiyo. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini haiondoi tatizo la muda. Mdukuzi hukodi seva kwenye wingu, huitumia siku chache, huiacha. Anwani ileile hupewa mteja mwingine asiye na hatia. Kiashiria cha mwezi uliopita kinaweza kumfungia mlango mtu huyo huku mdukuzi yuko kwingine.

Kosa jingine linajirudia sana. Programu hasidi nyingi hujaribu kwanza kama intaneti ipo kwa kuita anwani maarufu, mfano 8.8.8.8 ya Google. Mashine ya uchunguzi, inayoendesha programu hasidi ili kuitazama, hurekodi kila anwani iliyoitwa, na kama hakuna binadamu wa kuchuja, anwani safi huingia kwenye orodha ya maadui. Ukiifunga, umewakatia huduma watu wako mwenyewe. Kwa hiyo usiruhusu viashiria vipya vizuie chochote moja kwa moja. Vianze kwa kutoa tahadhari tu, vipitishwe kwenye orodha ya anwani zinazojulikana kuwa salama, na viwe na tarehe ya kufa: anwani za IP wiki moja au mbili, domeni miezi miwili au mitatu. Heshi haichakai kwa namna hiyo, lakini mdukuzi akibadilisha baiti moja kwenye faili, heshi inakuwa nyingine kabisa.

Sasa upande wa pili, ambao wakosoaji huupita haraka mno. Programu za kuiba nywila huchota kutoka kwenye kivinjari nywila pamoja na kuki za vikao vilivyo wazi (vijifaili vinavyomwacha mtu akiwa ameshaingia kwenye akaunti), kisha mzigo wote huuzwa. Kampuni iliyo ndani ya masoko hayo inaweza kukuarifu kwamba akaunti ya mfanyakazi wako iko sokoni kabla mnunuzi hajaitumia. Tahadhari ya namna hii ina thamani halisi, mradi ifanyiwe kazi ipasavyo. Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi, kwa kuwa kuki iliyoibwa inaweza kuendelea kufanya kazi. Futa kwanza vikao vyote vya akaunti hiyo, badilisha nywila, safisha kompyuta iliyoambukizwa, ndipo umrudishie mtumiaji ruhusa. Orodha za bure ni nadra kukupa tahadhari inayokutaja wewe.

Utafiti uleule uliwahoji wataalamu 14 wanaolipia huduma hizi. Wengi hawakusumbuliwa sana na uchache wa viashiria. Walichojali ni muda wa wachambuzi wao: mtu mwingine awachujie, awaandikie kwa ufupi. Hiyo naiona sababu nzuri ya kulipa kuliko ahadi ya kugundua kila shambulio.

Lakini taarifa haizibi tundu. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, cha udhaifu uliotumiwa na WannaCry, programu iliyofunga mafaili na kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilianza 12 Mei, siku 59 baadaye. Ambaye hakuweka kiraka hakuwa na upungufu wa taarifa. Kwa kazi ya aina hiyo, orodha ya bure ya CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ya udhaifu unaotumiwa na washambuliaji, iliyoanza Novemba 2021, inakidhi mahitaji ya walio wengi. Ukiongeza MISP, programu huria ya kubadilishana viashiria, na URLhaus ya abuse.ch, orodha ya anwani za tovuti zinazosambaza programu hasidi, unao msingi mzuri bila kulipia leseni, ingawa mtu wa kuvisimamia utamlipa.

Kabla ya kusaini, omba majaribio ya siku 30. Pitisha viashiria vyao juu ya kumbukumbu zako za DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), proksi (seva ya kati ya kuingilia intaneti) na barua pepe za siku 90 zilizopita. Hesabu vilivyolingana, vingapi vilikuwa hatari kweli, vingapi tayari vilikuwa kwenye orodha za bure, na vilivyobaki viliwahi kwa saa ngapi. Kama huna kumbukumbu za siku 90, anza kuzihifadhi. Huduma yoyote itakuwa haina pa kushika.

Usome pia mkataba. Hakikisha data inatoka kwa STIX, muundo wa kawaida wa taarifa za vitisho, kupitia TAXII, njia ya kawaida ya kuzisafirisha, ili usifungwe kwenye skrini yao. Uliza ni ripoti zipi unaweza kuwapa washirika wako kwa alama za TLP, rangi zinazoonyesha nani anaruhusiwa kuona taarifa. Na pata jibu la maandishi kuhusu sheria za ugunduzi (maelekezo ya mfumo wako ya kutambua mashambulio) ulizotunga kutokana na taarifa zao: mkataba ukiisha, unabaki nazo au unatakiwa kuzifuta?