Chuma cha Perseus kilimwagwa mapema

Tupa chumvi ya Uvinza kwenye mwali wa kuni na moto unageuka njano papo hapo. Ni sodiamu inayotoa rangi yake. Mwaka 1976 satelaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliutambua mstari wa chuma, yaani rangi ya mwanga inayokitambulisha, kwa kanuni hiyohiyo katika gesi ya kundi la galaksi la Perseus. Gesi hiyo ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, hivyo mwanga wake ni eksirei. Kati ya elektroni 26 za chuma, kwenye atomu nyingi hubaki 2 tu, na mstari wake husimama kwenye nishati ya kiloelektronivolti 6.7.

Kundi lenyewe liko umbali wa miaka ya nuru milioni 240 hivi. Mwanzoni mwa Januari, saa 3 usiku, mawingu ya mvua yakiachia anga la Kigoma, tazama kaskazini kabisa, karibu nusu ya njia kuelekea utosini. Nyota ile ni Algol. Kundi liko kulia kwake, upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwa macho huoni kitu.

Chuma kilifikaje nje ya galaksi? Wengi hujibu haraka kwamba galaksi zinapoingia kwenye kundi, gesi ya moto ya kundi huzivua gesi zao. Kuvuliwa kupo, na mkia wa gesi nyuma ya galaksi ESO 137-001 ni ushahidi. Lakini nasema jibu hilo linapewa uzito kuliko linavyostahili. Satelaiti ya eksirei ya Suzaku ilipolipima Perseus hadi pembezoni, ilikuta chuma ni takriban theluthi moja ya kiwango cha Jua, kila upande, karibu bila tofauti. Kingekuwa kimeingia kidogo kidogo baada ya kundi kukamilika, tungeona mabaka, maana gesi hiyo imejipanga kwa matabaka na ya ndani haichanganyiki kirahisi na ya nje. Kwa hiyo sehemu kubwa ilimwagwa zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, kundi likiwa bado halijaungana, na supanova (milipuko ya nyota) pamoja na mashimo meusi zikipuliza gesi nje ya galaksi changa.

Kitovuni hali ni tofauti. Kuzunguka galaksi NGC 1275 chuma huongezeka, na hapo supanova za nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota zilizokwisha mafuta, zina mchango mkubwa: moja hutoa zaidi ya nusu ya masi ya Jua ya chuma. Za nyota kubwa hutoa zaidi oksijeni na magnesiamu.

Hapohapo kitovuni ndipo wachambuzi wanapokosea. Gesi ya joto kali na ya joto dogo zimekaa pamoja. Ukiilazimisha programu ya kuchambua mwanga huo itumie joto moja, mistari haikai sawa, nayo inashusha kiwango cha chuma ili kufidia. Weka angalau joto mbili, kisha pima mstari wa 6.7 peke yake. Majibu yakipishana, usiamini kiwango ulichopata.