Cheni Imedondoka

Leo asubuhi tena. Natoka zangu soko kuu, mwendo wa bwana harusi, dogo mmoja wa boda kapakia mishikaki na gunia la mkaa juu yake. Ananifukuza, honi haikatiki, ananyoosha kidole kwenye tairi langu la nyuma: "Bro! Bro! Cheni imedondoka!"

Huyo ni wa nne wiki hii. Wa kwanza nilisimama nikamweleza kistaarabu, kama mtu mzima, kwamba pikipiki hii haina cheni, inasukumwa na shafti kama gari. Akanitazama vile anavyotazamwa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wa leo nimemwambia, "Asante mdogo wangu, narudi kuiokota." Akaridhika, akaondoka.

Ni Yamaha FJR1300, mtumba wa Uingereza. Imemeza korosho za misimu mitatu na vitu vingine ambavyo sivitaji hapa kwa sababu mke wangu anajua kusoma. Injini yake ni cc 1298, yaani bodaboda nane za Boxer 150 na chenji inabaki. Tangi lita 25. Nilizikariri hizo namba usiku kucha nikijua nitaulizwa. Hakuna aliyeuliza. Watu wa Mtwara wana maswali mawili tu: inakula mafuta kiasi gani, na inabeba magunia mangapi.

Sheli nilisema, "Niwekee ya elfu kumi." Dada wa pampu akabaki ananitazama, akisubiri nimalizie sentensi.

Duka la spea niliulizia tairi la nyuma, 180/55 rimu 17. Muuzaji akafikiri kidogo. "La Noah?"

Nisiwe mwongo, barabarani ni kitu kingine. Siku naileta kutoka Dar, nimeshavuka Daraja la Mkapa, lami imetulia, nikaweka gia ya tano. Injini ikawa inanong'ona. Mguu ukaendelea kutafuta ya sita, haipo, na wala haihitajiki. Kioo cha mbele unabonyeza kitufe kinapanda chenyewe, upepo unapita juu ya helmeti, unabaki umekaa kama uko sebuleni kwako. Kwa muda fulani kabla ya Nangurukuru nilijiona naibu waziri. Halafu yakaanza mashimo, nikarudi kuwa karani wa chama cha msingi.

Shida ni ikisimama. Ikiwa imejaa mafuta ni karibu kilo 300. Ikitembea unaichezea kwa vidole, ikisimama umeshika friji. Na si unajua tena pikipiki lazima ilale ndani. Boxer unaiinua tairi la mbele, hiyo imeshaingia. Hii nimeng'oa maboksi ya pembeni, nimekunja vioo, nimetoa kochi moja nje, na bado mlango ulitaka kutoka na fremu yake. Sasa watoto wanaangalia katuni wakiwa wameegemea tairi.

Basi Jumapili akaja mjomba.

Nyie wenzangu wa huku mnajua mjomba ni nani. Baba anaweza kukuuliza umenunua nini. Mjomba anakuuliza *tumenunua* nini. Alikuja na kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka ina makali, kofia ya kiua, na kikapu chenye jogoo. Anakwenda arobaini Mikindani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndiyo hili?"

Akalizunguka. Akaligonga tangi kama anayechagua fenesi. Akainama kuangalia nyuma, nikajua kinachokuja.

"Cheni iko wapi?"

Nikanyamaza. Kwa mjomba huwezi kusema unarudi kuiokota.

Nikamwambia kuna bajaji pale nje, kilomita kumi tu, nalipa mimi. Akasema bajaji ni ya watu wasio na wapwa. Likabaki suala la kupanda. Kukaa upande alikataa, akisema yeye si bibi harusi. Kutanua miguu kanzu ilikataa. Mwisho akaikunja mpaka kiunoni, akaifunga fundo, chini akabaki na msuli na soksi ndefu. Helmeti akaivaa juu ya kofia ya kiua, ikagoma kushuka, ikakaa kichwani kama sufuria lililoegeshwa. Jogoo tukamtia boksi la kushoto, kifuniko tukakiachia kidogo kwa kipande cha mti, apate hewa.

Tukaondoka. Jua la saa sita, foleni ya malori, injini kubwa isipopata upepo joto lote linakuja mguuni. Nyuma nasikia, "Mpwa wangu, umewasha jiko?" Nikasema tukichanganya kidogo upepo utapoza. Nikachanganya kidogo.

Hapa lazima nijitetee. Dashibodi ya Mwingereza ina namba kubwa za maili. Za kilomita wameziandika kwa ndani, vidogo vidogo, kama masharti ya mkopo. Kibao kinasema 50, mshale wangu unasema 50, moyo mweupe kabisa. Kumbe nimepigwa tochi na 80.

Afande akanisimamisha, akawa ananieleza taratibu, mimi namweleza habari za maili, ananiambia maili nikawaeleze Waingereza. Tunakaribia kuelewana. Boksi likawika.

Afande akanyamaza. Akaitazama honi. Akanitazama mimi. Likawika tena.

"Humo kuna nini?"

Mjomba, ambaye muda wote alikuwa anapepea mguu wake kwa kofia, akajibu kabla yangu: "Wangu huyo. Na huyu mpwa wangu." Kama vile hapo kesi imekwisha.

"Kwa hiyo mko watatu," akasema afande. Nikaandikiwa ya mwendo, ya jogoo nikasamehewa.

Mikindani watu wameshakaa kwenye majamvi chini ya mwembe. Wote wakageuka. Nikasema hapa ndipo heshima inaporudi. Nikateremsha stendi ya pembeni, nikamsaidia mjomba kushuka, nikavua glovu moja moja, polepole, kwa maringo. Nilikuwa nimesahau mchanga. Stendi ikazama kama kijiko kwenye uji. Chombo kikaanza kuinama, nikakishika, tukawa tunainama wote, hatuna haraka, hadi tukalala.

Kulala chini na pikipiki ya Boxer nane juu ya buti yako, umezungukwa na kanzu, huku shehe akisubiri kuendelea na dua! Walihitajika watu sita kuinua. Mmoja akaniuliza kama ndiyo sababu cheni ilidondoka. Boksi la kushoto lilikuwa limefunguka, jogoo yuko anapotelea kwenye mikoko, watoto wanne nyuma yake. Mjomba hakuinua. Alisimama kivulini akielekeza, "Shika hapo! Siyo hapo!"

Kurudi alichukua bajaji. Kabla ya kupanda akanishika bega: "Uza. Utapata Boxer mbili. Moja utakuwa unaendesha wewe."

Nimekuwa nikilitafakari hilo tangu juzi, na jana usiku umeme ukakatika. Gesi inachimbwa hapo Msimbati, bomba limepita zake kwenda Dar, sisi tunapapasa kibiriti. Tulikuwa tunakula. Mke wangu gizani akasema, "Si una taa hapo?"

Nikapanda, nikawasha, sebule yote ikawa mchana. Watoto wakapiga makofi. Mara ya kwanza tangu imeingia ndani ya nyumba hii.

"Izungushe kidogo huku," akasema mke wangu, "samaki yuko upande huu, tutameza miba."

Nikakata usukani. Usukani ukaenda kwenye samaki, taa ikabaki ukutani kwenye kalenda, maana taa za hii zimefungwa kwenye bodi, hazifuati usukani. Nikakata upande wa pili. Kalenda.

"Nayo haigeuki?"

Tukabeba meza, tukaihamishia chini ya kalenda.