Siku Tatu Hazitoshi Kumhukumu Mbwa

Wiki iliyopita, nikirudi kutoka sala ya alasiri, kijana mmoja wa mtaa wetu wa hapa Kisauni alinisimamisha akanipa habari ambayo mpaka sasa haijanitoka moyoni. Mbwa wao alishikwa na kifafa Jumanne magharibi: alianguka, akarusha miguu, akatokwa na povu na mkojo kwa muda ambao kijana mwenyewe aliukadiria kuwa dakika 2, kisha akainuka akawa anazunguka uani na kujigonga ukutani kama kipofu. Jumatano asubuhi akachomwa sindano ya mwisho. Nilipomwuliza ni nani aliyekata shauri hilo, alinijibu, "Ami, watu wote walisema huyo keshakwisha."

Hao watu wote ninawajua, kwa kuwa mwezi wa Februari walifika kwangu pia.

Kamanda ni mbwa koko wa miaka 13 ambaye hajapata kulala ndani ya nyumba. Kazi yake ni geti, na kazi hiyo ameifanya vizuri kuliko askari wawili niliowahi kuwalipa. Alfajiri moja ya joto la kaskazi nilimkuta amelala kando ya tangi la maji, kichwa kimepinda upande wa kushoto, macho yakienda huku na kurudi kama ya mtu anayesoma vibao vya barabarani kutoka kwenye matatu inayokwenda kasi. Kila alipojaribu kusimama alibingirika. Lakini fahamu zake alikuwa nazo, maana nilipomwita jina aligonga mkia sakafuni mara mbili. Jua halijapanda vizuri, majirani walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani na hukumu ilikuwa tayari: ni kiharusi, au ni kichaa, au ametupiwa kitu kilichokusudiwa mwenye nyumba. Walitofautiana katika maradhi, ila katika dawa walikuwa kauli moja. Hata daktari wa mifugo wa kwanza niliyempigia simu alinitajia bei ya sindano kabla ya kuniuliza umri wa mbwa.

Wa pili alikuja mwenyewe, kwa tuktuk. Alimmulika macho kwa kurunzi, akachungulia masikio, akachukua damu kwa sababu maradhi yanayoletwa na kupe huweza kufika hadi kwenye ubongo, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona: alimshika mbwa kiwiliwili, akampindua wayo mmoja mmoja ili mgongo wa wayo uguse chini, akangoja. Kamanda aliurudisha kila wayo mahali pake. Daktari akaniambia kwamba huenda ni mshipa wa ubongo, lakini kwa alivyoona yeye inaelekea zaidi kuwa ni kile kiungo cha sikio la ndani kinachoushikilia mwili usipepesuke, ambacho kwa mbwa wazee huweza kuharibika ghafla pasipo sababu inayojulikana. Bila ya picha ya ubongo hakuwa tayari kuapa. Alichokuwa tayari kukisema ni kwamba katika maradhi hayo ya sikio hali huwa mbaya zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha nafuu huanza kuonekana, na wengi hurudi kutembea ndani ya wiki 2 au 3, ingawa kichwa huweza kubaki kimepinda kidogo maisha yote. Na kama ni kiharusi, wapo wengi wanaoinuka pia, ila huchukua muda zaidi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Siku ambazo watu wetu huzichagua kutoa hukumu ndizo siku ambazo ugonjwa wenyewe hauwezi kuhukumiwa. Anayemwona mbwa siku ya kwanza anamwona katika hali mbaya kuliko zote atakazopitia, kisha anaichukua hali hiyo kuwa ndiyo mwisho wake. Mbwa wa yule kijana hakuwa amepofuka. Kuzunguka kule, kujigonga kule, na hata njaa ya ajabu inayomshika mbwa baada ya kifafa, ni hali ya kupita, ambayo huisha kwa saa chache na mara nyingine kwa siku moja au mbili. Kifafa kimoja cha dakika 2, kwa mbwa ambaye hajawahi kushikwa, mara nyingi hata dawa ya kila siku daktari haanzishi. Anayepaswa kukimbizwa kwa daktari usiku huohuo ni yule anayeshikwa kwa zaidi ya dakika 5 mfululizo, au anayerudiwa ndani ya saa 24. Dawa ikianzishwa, mara nyingi fenobabito, huyumbisha mbwa na kumtia kiu na ulafi katika wiki za mwanzo, nayo huhitaji takriban wiki 2 ili itulie kwenye damu. Na hapo tena wataalamu wa ukutani hutokea: dawa inamuua, iache! Mwenye mbwa akiikata ghafla, kifafa humrudia kwa nguvu zaidi, nao husema, si tulikwambia?

Kuhusu wanaokimbilia kutia kijiko mdomoni, mbwa hamezi ulimi wake. Mtakachopata ni vidole kung'atwa.

Kumuuguza hakukuwa rahisi na sitajifanya kwamba kulikuwa. Kila baada ya saa chache nilimgeuza ubavu ili asipate vidonda vya kulala, nikamhamisha kufuata kivuli, kwa kuwa mbwa asiyeweza kuinuka hawezi kulikimbia jua la Mombasa. Chakula nilimpa akiwa ameegemezwa kifua chini, ugali laini wa mchuzi wa samaki, vijitonge vidogo. Siku ya 4 nilianza kumsimamisha kwa kanga kuukuu ya mke wangu, iliyopitishwa chini ya tumbo na kushikwa ncha mbili juu ya mgongo, nikitembea nyuma yake nimeinama kama mtu anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli. Jina la kanga hiyo lilikuwa limefifia, neno lililosomeka ni "jirani" peke yake, na nilicheka kwa mara ya kwanza juma lile.

Najua pia yaliyosemwa juu ya mimi kushika mate ya mbwa. Waislamu wenzangu walionikumbusha kuhusu najisi nawashukuru, ila najua kuosha mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Ndoo ya mchanga ilikaa kando ya bomba mwezi mzima, na ngozi ya mikono yangu ni shahidi. Hao hao tulisoma nao chuoni kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Nani kati yetu aliyekisahau?

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hofu ya kichaa cha mbwa si upuuzi. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu, na mimi mwenyewe nisingemgusa Kamanda kama kadi yake ya chanjo isingekuwa na muhuri wa kila mwaka. Asiye na kadi hiyo amfungie mbwa wake, asimguse, aite daktari. Nakubali pia kwamba wapo wasioinuka, na mbwa ambaye kifafa hakimwachi, au ambaye wiki zimepita naye hali chakula wala hatambui mtu, mimi mwenyewe nitamshikia mguu achomwe.

Kamanda alisimama bila kanga siku ya 9. Sasa anatembea ameegemea ukuta wa ua, bega likiburura, kutoka kwenye tangi hadi getini na kurudi, na ukuta wangu mweupe umepata mstari wa kahawia kwa urefu wake wote. Rangi nilikwisha kuinunua, niupake kabla ya Idi. Kopo bado halijafunguliwa.